Je, Yafaa Kupenda Chuma cha Kuua?

Kwetu Kongo mtu akisikia maneno "kukusanya silaha" afikiri mara moja habari za vita. Vijana wanatoka porini, wanalaza bunduki zao chini mbele ya maaskari, wanaandikwa majina, wanapewa chakula. Hata mtoto wa shule ya msingi ajua maana hiyo. Basi tulishangaa sana, miaka michache iliyopita, tulipokaa miezi minne katika jimbo la Idaho huko Marekani kwa ajili ya masomo, kumsikia jirani yetu, mzee mpole aliyestaafu kazi ya ufundi wa reli, akituambia bila haya yo yote: "Mwalimu, mimi ni mkusanyaji wa silaha. Karibu uzione."

Tulikwenda. Na tangu siku ile swali moja halikutuacha: je, yafaa mtu kupenda kitu kizuri kilichotengenezwa kwa kuua? Hatusemi kukihitaji, maana mwindaji ahitaji bunduki, na askari vilevile. Tunasema kukipenda, kukipangusa, kukitolea fedha nyingi, kukionyesha kwa wageni.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Mzee yule hakukusanya silaha za kila namna. Alipenda namna moja tu: rivolva kubwa za zamani ziitwazo Magnum. Rivolva ni bastola yenye silinda ya chuma inayozunguka, nayo silinda ina matundu sita, kila tundu na risasi yake. Ukivuta kifyatulio, silinda yazunguka, nyundo yaanguka, risasi yatoka. Kiwanda cha Smith & Wesson, mjini Springfield katika jimbo la Massachusetts, kilianza mwaka 1908 kutengeneza rivolva zenye mwili mkubwa, na mwili huo ukaja kujulikana kwa herufi N. Juu ya mwili huo ndipo Magnum zake zilipojengwa.

"Magnum" ni neno la Kilatini. Waliopita seminari wajua maana yake: kitu kikubwa. Kabla ya kuwa jina la risasi lilikuwa jina la chupa kubwa ya divai. Kumbe, risasi ikapewa jina la chupa!

Magnum ya kwanza ya bastola ilitoka mwaka 1935. Katika miaka ile wezi wa benki huko Marekani walikuwa wakikimbia kwa motokari, na polisi walitaka risasi iwezayo kupenya bati la gari. Mafundi wakachukua risasi ya zamani, wakaitia nguvu zaidi, wakarefusha ganda lake kwa milimita tatu na kitu. Kwa nini kulirefusha? Si hasa kwa kupata nafasi ya baruti. Walitaka risasi ile kali isiweze kuingia katika bastola za zamani zilizo dhaifu, ikazipasua mkononi mwa mtu asiyejua. Tunamwomba msomaji azikumbuke milimita tatu hizo, maana tutazirudia.

Bastola hizo za kwanza hazikuuzwa kama chumvi. Mtu aliagiza yake kwa urefu wa mtutu autakao, kisha aliweza kuiandikisha kiwandani akapata cheti chenye jina lake. Ya kwanza alipewa J. Edgar Hoover, mkuu wa polisi ya upelelezi ya serikali. Bei yake ilikuwa dola 60, nayo ilikuwa miaka ya njaa na ukosefu wa kazi. Walakini walionunua hawakukosekana.

Miaka ishirini ikapita, akazaliwa ndugu yake aliye mkubwa zaidi. Huko Idaho aliishi mfugaji mmoja, Elmer Keith, mwindaji na mwandishi, aliyezaliwa mwaka 1899 akafa mwaka 1984. Huyu alijitengenezea risasi nyumbani, akiongeza baruti kidogo kidogo, na mwaka 1925 rivolva moja ilipasuka mkononi mwake. Hakuacha. Aliandika katika magazeti na kuwasumbua wenye viwanda hata mwisho wa mwaka 1955, ndipo Smith & Wesson pamoja na Remington, watengenezaji wa risasi, walipotoa Magnum ya .44. Mwaka 1957 kiwanda kilianza kuzipa bastola zake namba, na hiyo ikawa namba 29. Kati ya wakusanyaji, kusema "ishirini na tisa" yatosha, kila mtu anageuza kichwa.

Mzee wetu alikuwa nazo mbili. Alifungua kasha la chuma lenye urefu wa mtu, akatoa kisanduku cha mbao nyekundu kama mkangazi, akakiweka mezani kwa mikono miwili. Ndani, juu ya kitambaa cha buluu, bastola ililala. Hatutaki kusema uongo: ilikuwa nzuri. Rangi yake si nyeusi wala si buluu, ni kama maji ya ziwa saa ya jioni mvua ikikaribia. Mpini wake ni wa mti, umechorwa mistari midogo midogo, kila mstari sawa na mwenzake. Tulitafuta alama ya tupa, hatukuiona hata moja. "Waliong'arisha hii wamekwisha kufa wote," alisema, "na leo kiwanda hakiwezi kumlipa mtu kwa saa zote zile." Akatuonyesha pini ndogo inayoshika mtutu, tena jinsi vitako vya risasi vinavyozama ndani ya silinda. Mambo hayo mawili yaliachwa mnamo mwaka 1982, na ndiyo mkusanyaji anayatafuta kwanza, kama mganga atafutavyo mzizi wake.

Bastola hiyo haikupata kupigwa tangu ilipotoka kiwandani. Hata silinda yake hakuizungusha mbele yetu, maana kuizungusha kunachora mstari mwembamba juu ya rangi, na mstari huo ni hasara ya fedha. Ya pili ilikuwa imechakaa, rangi imefifia mdomoni mwa mtutu kwa kutiwa na kutolewa katika mfuko wa ngozi. Hiyo ndiyo aliyoipiga kila Jumamosi.

Jumamosi moja tukaenda naye mahali pa shabaha, bonde kavu lenye kilima cha udongo nyuma. Alitufundisha kwa ukali kuliko mwalimu wa katekisimu. Kwanza alifungua silinda akatuonyesha matundu sita, yote matupu, kisha akatutaka tuyaangalie tena sisi wenyewe. Tufikiri sikuzote kwamba imejaa. Tusielekeze mtutu penye kitu tusichotaka kukiharibu. Kidole kisiguse kifyatulio kabla ya wakati wake. Tukaziba masikio. Akatia risasi moja tu.

Chuma kile kina uzito wa kilo moja na zaidi ya robo. Risasi yake ina gramu 15 na nusu hivi, nayo yatoka kwa mwendo wa mita zaidi ya 400 kwa kila nukta moja ya saa. Hesabu hizo tulizijua, lakini mkono haujui hesabu. Tulipovuta, tuliona mikono yetu imepanda juu ya uso, tukasikia pigo kifuani kama la mtu anayetusukuma, kisha harufu ya baruti. Shabaha ilikuwa mtungi wa plastiki uliojaa maji. Haukutoboka. Ulipasuka wote, maji yakapanda juu kama mti.

Nasi tulicheka. Tunakiri mbele ya wasomaji wetu: tulicheka kama watoto. Mzee naye alicheka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo, kila mtu hucheka mara ya kwanza," akakwenda kuokota vipande.

Njiani tulinyamaza, maana tulikuwa tukifikiri juu ya kicheko chetu.

Wapo watakaosema: chuma ni chuma, hakina dhambi wala fadhila, ubaya watoka moyoni mwa mtu. Neno hilo ni kweli, na wenye elimu wa Kanisa walilifundisha zamani kabla ya baruti kufika Ulaya. Hatuwezi kulipinga. Lakini tunaona kwamba watu wengi wanasimama katika neno hilo kama mtu anayesimama mlangoni asitake kuingia nyumbani. Chombo hakina dhambi, haya. Lakini kina kusudi, na kusudi hilo fundi alilitia ndani kwa tupa yake. Panga limefuliwa kwa kulima na kukata miti. Mtu akiua kwa panga amelipotosha. Magnum ya mwaka 1935 ilikusudiwa kupenya bati la motokari lenye watu ndani. Aliyefanya hivyo hakuipotosha, aliitumia. Mkubwa wake wa mwaka 1955 alitakiwa na wawindaji zaidi, kwa ajili ya swala wakubwa wa milimani na kwa kujikinga na dubu, na hapo dhamiri yapata nafuu. Hata hivyo, mkusanyaji anayetuambia, "Kwangu mimi ni kazi ya sanaa tu, kama saa ya zamani," ametuambia nusu ya habari.

Wakuba wa Kasai wanasimulia kwamba mfalme wao Shyaam, katika karne ya 17, alikataza kile kisu cha vita kinachorushwa, akaagiza wanaume wavae mahali pake kisu kifupi kiitwacho ikul. Kisu hicho kikawa alama ya heshima na ya amani, na baadhi yake vilichongwa kwa mti mtupu, bapa na mpini pamoja. Hapo silaha iligeuka kweli kuwa pambo, maana aliyetaka amani aliubadili mwili wake. Bastola ya mzee wetu haikubadilishwa mwili. Itie risasi sita usiku huu, itafanya kazi kama siku ilipotoka Springfield. Uzuri wake ni wa namna hiyo hasa: kila kitu ndani yake chalingana na kazi yake, wala hakuna kilichozidi. Anayesifu kulingana huko asifu pia kazi yenyewe, hata kama hapendi kukiri.

Wapo wengine, hasa kati yetu tulioona bunduki zikibisha hodi usiku, watakaosema kinyume: mtu apendaye chombo kama hicho ana damu moyoni. Hapo hatukubali. Tulimwona mzee yule akilia katika mazishi ya mbwa wa jirani. Tena kupenda hakufanani kwa watu wote. Mwaka 1971 ilitoka sinema ya Dirty Harry, ambamo Clint Eastwood acheza polisi wa San Francisco mwenye Magnum ya .44. Baada ya sinema ile watu walikimbilia madukani hata namba 29 ikawa shida kupatikana, na bei ikapanda. Walionunua siku zile hawakuwa wametazama mistari ya mpini wala pini ya mtutu. Walitaka kuwa mtu yule ambaye akiinua mkono, wengine wanyamaza. Mapenzi hayo ndiyo tunayoyaogopa, maana hayakipendi chuma, yapenda hofu ya mwenzio. Wala hayahitaji Magnum. Yako kwa kijana wa kwetu mwenye gobore, na pengine yalikuwako kidogo katika kicheko chetu pale bondeni.

Sasa tuseme jambo ambalo huenda wasomaji wengi hawatalikubali. Mtu anayeipiga bastola yake ni mkweli kuliko yule anayeifungia bila kuipiga kamwe. Wengi watadhani kwamba asiyepiga ndiye mwenye amani. Sisi twaona kwamba anayepiga anakumbushwa kila Jumamosi, kwa maumivu ya kiganja chake, kitu gani amekishika. Yule mwingine, akikitazama miaka na miaka juu ya kitambaa cha buluu, aanza kuona rangi tu, na bei, na karatasi za kiwanda, na kisanduku. Siku moja husahau kabisa. Na chuma hakisahau kazi yake.

Mzee mwenyewe alitufundisha hilo. Jioni moja, mkewe akiwa ameingia jikoni, alitusimulia kwamba mjukuu wake wa miaka kumi na tisa alirudi kutoka chuoni akiwa na huzuni isiyo na jina. Hakula, hakusema, alilala mchana kutwa na kutembea usiku. Usiku wa tatu mzee aliamka, akafungua kasha, akazitoa zote pamoja na risasi, hata ile ya kisanduku isiyopata kupigwa, akazitia katika motokari, akaenda kilomita arobaini kwa rafiki yake na kumwachia funguo. Hakumwambia mtu nyumbani.

"Miaka thelathini, Mwalimu, nilikuwa nikiwaambia watu kwamba ni kama saa tu. Katika chumba kile kile ninazo saa za ukutani, nazo ni nzuri. Usiku ule saa sikuziondoa."

Mjukuu alipona, Mungu ashukuriwe. Bastola zilirudi baada ya mwaka mzima.

Tulitafuta hesabu baadaye, tukaona kwamba mzee hakuogopa kivuli. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto huko Marekani, na kati yao 26,328 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu! Mtu anaposema habari za bunduki za Marekani sisi tunafikiri majambazi na wauaji wa shuleni. Lakini mara nyingi zaidi ni mtu mmoja peke yake, katika nyumba iliyofungwa vizuri, na silaha yenyewe mara nyingi ni ya nyumbani. Amri ya tano yahusu chumba hicho pia.

Ndiyo maana tuliomba msomaji azikumbuke zile milimita tatu. Mafundi wa mwaka 1935 walimfikiria mtu wasiyemjua, mwenye bastola dhaifu ya zamani, anayeokota risasi mpya bila kusoma. Wakalirefusha ganda ili kosa lake lisimkate vidole. Huo, kwetu sisi, ni upendo wa kweli wa ufundi, maana unamfikia hata mjinga. Tangu mwaka 2001 kiwanda hicho kilianza kutia ubavuni mwa rivolva zake kitundu kidogo cha ufunguo, ili mwenyewe aweze kuifunga isipige. Basi, wakusanyaji wengi wamekichukia kitundu hicho! Wasema kinaharibu sura, tena waogopa kitajifunga chenyewe wakati wa haja. Mzee wetu naye alikitemea mate. Tulimwuliza kwa nini milimita tatu ni sifa na kitundu ni aibu. Alifikiri, akasema kwamba yeye ana kasha la chuma, kufuli ya pili haina maana. Jibu hilo linamfaa yeye mwenye kasha. Tulimwambia hivyo, akatumiminia kahawa nyingine.

Liko jambo moja tu ambalo tuliliacha bila kulimaliza, nalo ni habari ya kufa kwake. Watoto wake hawazitaki. Huko kwao, mjane akibaki na silaha za mumewe, mara nyingine huzipeleka polisi ziharibiwe. Katika wilaya ya Los Angeles polisi walikuwa na desturi ya kuyeyusha silaha zilizotwaliwa kwa wahalifu na zilizotolewa na watu kwa hiari, kwa maelfu, katika tanuru ya kiwanda cha chuma, zikatoka nondo za kujengea nyumba. Na kazi hiyo waliipa jina la nabii Isaya, kwa sababu ya yale aliyoyaona juu ya panga na majembe. Wakusanyaji wakisikia kwamba rivolva ya mwaka 1935 imeingia katika tanuru kama hiyo, wanaomboleza kana kwamba kanisa la zamani limebomolewa. Zamani tungewacheka. Sasa hatuwezi, maana tumeiona mistari ya mpini. Lakini tukiulizwa tuchague kati ya tanuru na kasha lisilo na mlinzi, hatutachelewa kujibu. Mzee alisema kwamba ya kisanduku angeitoa kwa nyumba ya makumbusho, kama wangeitaka. Ile ya kila Jumamosi hakujua bado.

Siku ya kuagana alituonyesha barua. Smith & Wesson wana vitabu vya zamani vya hesabu, na mwenye bastola akipeleka namba yake na ada, aandikiwa siku gani ilitoka na duka gani lilipelekewa. Barua ya ile iliyochakaa ilisema: Machi 1958, duka la vyuma katika jimbo la Texas. Yeye aliinunua mwaka 1985 kwa mtu aliyeinunua kwa mwingine. Tulimwuliza ilikuwa wapi miaka ile ishirini na saba, na mikononi mwa nani, na rangi ya mdomo wa mtutu ilifutika kwa kazi gani.

"Nimeiuliza mara nyingi," alisema, akaikunja barua na kuirudisha ndani ya kasha.